Wimbo Uliomsimamisha Mama Ukumbini

Siku ile hainitoki, mwanangu. Mvi zimeniota, wajukuu wananiita bibi wa vinanda, lakini nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Kaa nikusimulie, maana umeniambia unataka kutunga muziki wa filamu kama mimi, na sipendi mtu aingie kazi hii akidhani ni raha tupu.

Nilikuwa bado msichana, najua kinanda kwa sababu ya kwaya ya parokia hapa Ifakara, na kichwa kilikuwa juu, nisikufiche. Mwongozaji mmoja wa filamu kutoka Dar es Salaam alikuja kupiga picha Kivukoni, hapa kwetu mtoni, enzi hizo daraja halijajengwa, watu wanavuka kwa pantoni na mitumbwi. Filamu yake ilihusu mwanamke anayemngoja mumewe ukingoni mwa mto. Akaniomba nimtungie muziki. Mimi! Nilikosa usingizi kwa furaha.

Nikatunga, nikafuta, nikatunga tena. Kila nilichompelekea alisema, "Kizuri, ila hakijanigusa." Basi asubuhi moja nikamkuta mama uani anapepeta mchele, anaimba kwa kufumba mdomo wimbo wake mmoja, ule niliousikia tangu utotoni kila alipokuwa peke yake na kazi ya mikono. Hauna maneno. Unapanda kidogo, unashuka, halafu unabaki pale pale, haumaliziki. Nikasema moyoni, huu hapa! Nikakimbilia kinanda. Mwongozaji alipousikia alifuta macho.

Filamu ikapendwa kweli kweli. Nikaanza kuitwa huku na huku, leo filamu hii, kesho ile. Ndipo nikaandaa tamasha langu la kwanza hapa nyumbani, kwaya nzima pamoja na wapiga fidla kutoka Dar, na wimbo ule nikaupanua ukawa wa kufungia shughuli. Mama hakuwa mtu wa filamu, ile hakuwahi kuiona. Nikamnyamazia makusudi. Nilitaka ashtukie tu watu wengi namna ile wanauimba wimbo wake, afurahi. Nikamvalisha kitenge kipya, nikamketisha mstari wa mbele.

Jamani! Fidla zilipoanza, nilimwona mama amekishika kiti kwa mikono yote miwili. Kwaya ilipoingia, akasimama. Nikadhani anashangilia. Mama yangu, mwanamke asiyepaza sauti hata akiungua na moto, akapiga kelele katikati ya ukumbi: "Nyamazeni! Nyamazeni, nawaambia!"

Kwaya ikakatika. Mkono wangu ulibaki hewani, sijui niushushe au niuache. Nikateremka jukwaani, nikamuuliza, "Mama, kuna nini? Huu si wimbo wako?"

"Ni wa Gaspari," akasema. "Nani amekupa wimbo wa Gaspari?"

Nikamwambia simjui mtu huyo. Mama akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Ni kaka yako, Skola. Mwanangu wa kwanza. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Mtumbwi ulipinduka pale Kivukoni, na mpaka leo hatujamzika."

Wee, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Nimezaliwa, nimekua, nimefika umri ule nikijiita kifungua mimba, kumbe nina kaka yuko mtoni! Hakuna aliyewahi kulitaja jina lake ndani ya nyumba ile. Wimbo ule mama aliutunga wa kumbembelezea, na maji yalipomchukua akaendelea kuuimba peke yake, kwa kufumba mdomo, ili sisi wengine tusiusikie vizuri. Na mimi nimeupeleka wapi? Kivukoni! Nimeuwekea picha ya maji yale yale.

Baadhi ya wanakwaya walinivuta pembeni wakaniambia nisijali, mama atazoea. Mimi nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani, akasema neno moja tu: "Ungeniuliza." Hakulirudia tena mpaka alipofariki.

Tamasha liliishia hapo, na wimbo ule sikuupiga tena jukwaani. Lakini filamu ilikuwa imeshatoka, nani angeikusanya? Miaka mingi baadaye, simu za mkononi zimeshaenea, tulikuwa sokoni tunachagua samaki. Kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akiuza maziwa, simu yake ikaita, na mlio wake ulikuwa wimbo ule. Mama akaweka kikapu chini, akageuka haraka, akaitika: "Nipo, baba! Nakuja!"

Kisha akaona ni simu. Kijana wa watu aliduwaa, hakujua amekosa nini, maskini. Mama akaokota kikapu chake, tukarudi nyumbani bila samaki.

Sasa nisikilize. Kazi hii itakulisha na itakusafirisha, nami nakuombea ikufikishe mbali kuliko mimi. Lakini ukisikia wimbo mdomoni mwa mtu, awe jirani, awe mama yako mzazi aliyekuzaa, usikimbilie kinanda kama nilivyokimbilia mimi. Keti naye kwanza. Muulize anamwimbia nani. Akikwambia chukua, upokee kwa mikono miwili. Akikataa, uache, hata kama mwongozaji ananuna na filamu inangoja. Na akinyamaza, uache vilevile. Utatunga mwingine, kichwa chako bado kibichi.

Mungu akupe masikio, mwanangu, akupe na ulimi wa kuuliza. Kazi za mikono yako zisimlize mtu. Na akuepushe na siku ya kumwona mama yako akiitikia simu ya mtu sokoni.