Mtandao wa Ghorofa ya Tatu

Kiangazi kile kilinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama alizoea kuipika Jumapili tu, baada ya ibada, na harufu yake ilipita chini ya mlango, ikateremka ngazi za zege za jengo letu pale Thamesmead, ikachanganyika na ubichi wa ziwa lililokuwa nyuma ya maegesho ya magari. Lakini wiki aliyofika Neema kutoka Amerika, sombe ilipikwa karibu kila siku. Neema alikuwa binti wa kaka yake Mama, na Mama hakuwa amemtia machoni tangu kambi ya wakimbizi, familia zetu zilipotenganishwa, wao wakapelekwa Amerika na sisi tukaletwa London. Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari, na Neema alinizidi miaka mitatu. Nilimngoja mlangoni kama anayemngoja bibi harusi. Akaingia na begi mgongoni, mrefu, meno yamefungwa waya, na kabla hajavua viatu akauliza nenosiri la waifai. Mama alimtazama, akacheka. "Salimia kwanza, mutoto. Waifai haina miguu." Neema akaona haya, akapiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, shangazi," kwa Kiswahili kilichokuwa na kutu lakini safi, na Mama akamkumbatia mpaka begi likaanguka.

Ndani ya begi mlikuwa na kompyuta. Haikuwa ya baba yake wala ya kanisa. Shule yake ilimpa kila mwanafunzi yake, aende nayo nyumbani kama kitabu. Kwangu hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko ndege iliyomleta. Shuleni kwetu simu ilizimwa na kuwekwa kwenye droo ya mwalimu mpaka kengele ya mwisho, na kazi za nyumbani tuliziandika kwenye madaftari yaliyochakaa pembe. Neema alikuwa na sababu ya kuja na kompyuta likizoni. Alikuwa ameanguka somo moja, naye alilirudia kiangazi hicho kwa njia ya mtandao. Akianguka tena, angerudia darasa zima. Jaribio la mwisho lilikuwa kusimama mbele ya kamera, darasa na mwalimu wakimwona moja kwa moja kutoka Amerika, aeleze jinsi wanafunzi wa mji wake wanavyotumia intaneti wakilinganishwa na wanafunzi wa mahali pengine. Mahali pengine ilikuwa sisi.

Basi alituhoji. Alikaa ngazini pamoja nami, Amina wa ghorofa ya juu, na Blessing aliyeishi mlango wa pili kutoka kwetu, akatuuliza maswali kama mwandishi wa habari. Nilimpenda kwa jinsi alivyosikiliza. Hakuna mtu mkubwa kuliko mimi aliyewahi kuniuliza ninafanya nini na simu yangu kisha akangoja jibu. Alishangaa kusikia kwamba hatukutumiana kabisa ujumbe wa kawaida wa simu. Kwao ujumbe ulikuwa bure, wakatumiana kutwa kucha. Sisi tulikuwa na makundi ya soga kwenye mtandao, kwa kuwa ndugu walikuwa wametapakaa Ulaya nzima. Kundi la Amina peke yake lilikuwa na binamu wa Uswidi, wa Italia na wa Uholanzi, na asubuhi moja lingeweza kupita lugha nne. "Ndugu zangu wote wako nchi moja," Neema alisema, "na hatuzungumzi hata nusu ya hivi." Kisha akauliza bando letu lina ukubwa gani, na tulipomwambia akadhani tunatania. Kwao intaneti ya nyumbani haikwisha, na kila mtoto alijifungia chumbani mwake na skrini yake. Sisi tulijua bando limebaki kiasi gani kama mtu anavyojua mkate uliobaki kabatini.

Asubuhi ya siku ya jaribio, mafundi waliokuwa wakichimba barabara walikata waya, na jengo zima likakosa intaneti. Tulikimbilia maktaba. Kompyuta za pale hazikuwa na kamera, na msimamizi, mama mpole mwenye miwani, alitueleza kwa masikitiko kwamba hairuhusiwi mtu kuhutubia humo ndani. Tukarudi nyumbani. Neema aliketi kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, kompyuta magotini, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtoto. "Baba yangu atasema nimekuja kucheza," alisema. Blessing ndiye aliyetoa simu yake mfukoni. "Bando langu halitafika mwisho," alisema, "lakini litaanza." Amina akapanda ngazi mbio kuchukua yake. Mimi nikaleta yangu.

Ilipotimia asubuhi ya Amerika, ambayo kwetu ni alasiri, Neema aliunganisha kompyuta na simu ya Blessing na kuanza. Sauti yake iligonga kuta za ngazi ikarudi. Alikuwa bado kwenye utangulizi picha ilipoganda. Amina akasogeza simu yake, tukaunganisha upya, darasa likarudi kwenye skrini, nyuso ndogo ndogo kwenye visanduku. Neema akatazama karatasi yake, kisha akaiweka chini. Aliigeuza kompyuta ili kamera ituone. "Huyu ni Blessing," alisema. "Mlipokuwa mnanisikia mwanzo, mlinisikia kwa bando lake. Sasa mnanisikia kwa la Amina. Ningekuwa nyumbani, ningekuwa peke yangu chumbani na msingejua chochote." Mwalimu wake, mzee mwenye tai, alivua miwani, akatuomba tusalimie. Tukapunga mikono, tukicheka kwa aibu.

Bando la Amina nalo likaisha, tukaunganisha simu yangu, nayo ikakata wakati wa maswali. Hapo ndipo Mama alipopanda ngazi, amevaa bado sare ya kazi kutoka nyumba ya wazee alikowahudumia. Alitukuta tumeduwaa. Nikamweleza kwa haraka. Alitoa simu yake, ile aliyoitunza ili ampigie bibi yetu Bukavu kila Jumapili, akampa Neema. "Tumia. Bibi atanielewa." Neema akajibu maswali yote, na alipomaliza, Mama alikuwa amekaa ngazi ya chini yake, mkono juu ya mguu wa Neema, akimsikiliza mtoto wa kaka yake akisema Kiingereza ambacho yeye alikielewa kwa taabu. Neema alifaulu. Alipotupa habari hiyo, Blessing alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango.

Leo Neema ni mwalimu huko huko Amerika. Huniambia kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa mashambani hufanyia kazi zao ndani ya gari, nje ya maktaba, kwa kuwa nyumbani mtandao haufiki; na mimi humwambia kwamba siku hizi shule ya binti yangu hapa Thornton Heath hutuma kila kitu kwa kompyuta. Tofauti tulizozishangaa utotoni zimebadilishana viti. Kwangu intaneti haikatiki, wala sijui bando lina ukubwa gani. Juzi nilimsimulia binti yangu kisa hiki, akasikiliza kwa Kiswahili, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini hatukununua tu bando lingine. Nilipotaka kumjibu, niligundua kwamba tumeishi nyumba hii miaka kadhaa na sijui jina la mtu wa upande wa pili wa ukuta. Nikatoa maandazi kwenye karai, nikayapanga kwenye sahani, nikamwambia ayapeleke kwa jirani huyo. Alinung'unika, akavaa kandambili, akatoka. Nilisikia akibisha. Nilisikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya mwanamke mzee. Chai yangu ilipoa nikiwa nimesimama pale jikoni, na binti yangu alikuwa bado hajarudi.