Mkwe Kwenye Mikanda

Inasemwa mtaani kwamba marehemu mume wangu alimfunga mkwe wetu mikanda ili akubali ndoa. Huo ni uzushi. Mkwe alijifunga mwenyewe, mbele yangu, nikiwa nimeshika birika, na mimi nimesoma, najua ninachokiona.

Mume wangu alikuwa mfasiri wa Kiingereza na Kijerumani. Wiki ile alikuwa na kijitabu cha maelekezo ya kifaa cha kubebea wagonjwa: kikikunjwa ni kiti, kikinyooshwa ni machela, kikiinuliwa mgonjwa anasimama wima kama nguzo. Kwa yote hayo Mwingereza aliandika neno moja tu, put. Sisi tungesema mgonjwa awekwe, tukaenda zetu kula. Mjerumani haendi kula. Anataka kujua: unamkalisha, setzen, unamlaza, legen, au unamsimamisha, stellen? Mume wangu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alimgomea mwenye kiwanda mpaka kifaa chenyewe kikaletwa nyumbani, kikajaa sebule nzima.

Kilichokosekana ni mgonjwa. Mimi nilikataa, kwa sababu siku hiyo baba wa mchumba wa binti yetu, ndiye huyo mkwe, fundi cherehani mnene mwenye suti aliyoishona mwenyewe, alikuwa anakuja kutazama kama tunafaa. Binti alinisihi tangu asubuhi: "Mama, leo baba asitaje Kijerumani."

Mkwe hata chai hajamaliza, akauliza, "Hili dude ni la nini?"

Nilikohoa. Haikusaidia kitu. Mume wangu alimweleza yote, vitenzi vitatu na mifano juu.

"Hilo tu?" Mkwe akavua koti. "Nipime mimi. Maisha yangu yote napima watu."

Akakaa, akalala, akasimamishwa. Mume wangu ananong'ona tu na kutikisa kichwa. Mkwe akajiona anateleza, akavuta mikanda ya kifaa mwenyewe. Ikabana, ikakataa kufunguka.

"Mkwe, inafunguliwaje?"

"Imeelezwa ukurasa wa mwisho."

"Basi soma."

"Nitafika. Niko wa nne."

Waliomjua mume wangu watanielewa. Hakuwahi kuruka ukurasa maishani mwake. Nilimvuta jikoni, nikamwonyesha binti aliyejifunika uso kwa taulo la vyombo. "Huyu atazeekea hapa kwa ukaidi wako."

"Ukiruka, neno la nyuma linakuja kukuumbua mbele," akajibu, akarudi kazini.

Sebuleni nikamkuta jirani tunayemwita Redio, shingo yote iko ndani ya dirisha letu.

"Shoga, huyo mzee ana nini?"

"Anafasiri," nikamjibu, nikavuta pazia.

Na kweli alikuwa anafasiri. "Hapo usiandike nimelazwa," mkwe alikuwa anasema, "miguu yangu inaning'inia. Aliyelazwa haning'inii." Mume wangu alimtazama kwa mapenzi ambayo mimi niliyaona mara moja tu, siku ya harusi. Wakaenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, wakibishana, mpaka wa mwisho, na mikanda ikaachia.

Mkwe akamwita binti. "Mwanangu, fundi anayeruka hatua hushona suruali ya mguu mmoja. Baba yako haruki. Nimeridhika na nyumba hii."

Ndoa ikafungwa. Kama mkwe alishuka kwenye kifaa kile na suruali nzima au la, hilo ni la familia, na sisemi.