Bakuli la Manjano la Bibi

Enzi zetu kule Kasansa, mchele mpya ulikuwa na foleni, na waliokuwa mbele ni marehemu. Bibi aliupika wa kwanza, akaupakua kwenye bakuli la Kichina, akaliweka mlangoni na kuwataja wazee wetu mmoja mmoja. Kisha akafanya ishara ya msalaba, maana Jumapili hakukosa misa. Sisi watoto tulikaa tukimeza mate. Vijana wa leo, chipsi zikichelewa kidogo, wanapiga simu kugomba.

Bakuli lenyewe lilikuwa la kaure, la manjano tupu kama kiini cha yai la kienyeji, bila ua wala ndege. Babu wa babu yangu alilipata kule ziwani kwa wafanyabiashara wa pwani. Nilipokuwa chuoni (nina stashahada, na nilijisomesha mwenyewe kwa kubeba matofali) nilisoma kwamba Wachina wa kale walitengeneza vyombo vya rangi moja kwa ajili ya ibada, na manjano ilikuwa ya kuabudu ardhi. Basi Bibi na Wachina walielewana bila kuonana.

Mwaka aliooa baba mdogo, mkewe alitoka kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Tulimwita mama mdogo Kabula. Siku ya mchele mpya, wali ukiwa bado jikoni, baba yake alifika kumsalimia. Kabula akatafuta chombo kizuri kuliko vyote, akamjazia mzee maziwa mgando kwenye bakuli la manjano.

Shangazi yangu alipoona, akashika kiuno. Alisema bakuli la marehemu limenajisiwa, mchele hauliwi tena, na bibi harusi aondoke na baba yake jioni hiyohiyo. Mzee wa watu alibaki na bakuli mdomoni, hajui ameze au ateme. Kabula alianza kukunja kanga zake. Sisi tulilia, wengine kwa ajili yake, wengine kwa ajili ya wali.

Bibi alitoka jikoni akifuta mikono.

"Keti, wewe," alimwambia shangazi. "Wazee wetu tumewalisha wali mkavu miaka yote. Leo wamepata kitoweo, unataka kuwanyang'anya?"

Akamgeukia Kabula. "Mwanangu, maziwa yamebaki?"

Yalikuwepo. Tangu siku hiyo marehemu wa kwetu wakala wali kwa maziwa, na sisi nyuma yao.

Sasa nimerudi mkoani kwetu, nina nyumba ya vigae Mpanda mjini, na bakuli liko sebuleni kwenye kabati la kioo lenye kufuli, halina hata punje ya vumbi. Wanangu wanalipiga picha. Wali wanakula kila siku, lakini uwe wa mchele mpya au wa zamani, hawajui. Majuzi mama mdogo Kabula, mvi kichwa kizima, alinitembelea. Alilitazama bakuli muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama kufuli lile nimeliweka kuwazuia wezi au kuwazuia wazee.