Dumu Lisilopanda Meli

Nyumbani kwetu sabuni ya unga na kiberiti havikai rafu moja. Dawa ya kung'arishia mashuka ina kona yake, siki ina kona yake, na mafuta ya taa yako nje kabisa, kwenye kisanduku chenye kufuli. Siku za mwanzo za ndoa nilidhani nimeoa mtu aliyezaliwa na wasiwasi. Mimi ni fundi cherehani. Kwangu vitu hupangwa kwa rangi, au havipangwi kabisa. Nilipouliza dawa ya mashuka imeikosea nini siki, mke wangu alinieleza mpaka chai ikapoa. Tangu hapo siulizi tena, naweka ninapoambiwa.

Kazi yake ni kufunga taka. Si maganda ya jikoni, bali mabaki ya gereji, ya wapaka rangi, ya wachapaji, ya maabara za shule: vichupa na vikopo ambavyo huwezi kumwaga mtaroni wala kuchoma uani. Kwetu hakuna tanuri la kuviteketeza, kwa hiyo hupelekwa kwa meli hadi nchi yenye tanuri hilo, wakubwa wakishaandikiana barua za ruhusa. Yeye yuko kwenye ghala karibu na lango la bandari, nyuma ya meza ndefu ya bati, na glavu zake na miwani inayomwachia alama puani hadi jioni.

Sheria za baharini, alivyonieleza, zina huruma na mzigo mdogo. Kopo likiwa dogo na limefungwa barabara, likawekwa kwenye boksi gumu pamoja na wenzake wa jamii moja, likazungushiwa kitu cha kunyonya kitakachovuja, na boksi zima likawa la mtu mmoja kulinyanyua, basi halisumbuliwi kwa makaratasi mengi. Hubandikwa alama ya mraba uliosimama kwa pembe, ncha ya juu na ya chini nyeusi, katikati nyeupe, na safari inaendelea. Lakini huruma hiyo ina masharti yake. Kila kopo libaki na kile lilichokuwa nacho, na kijulikane ni kitu gani. Ukishachanganya, huruma imekwisha, mpaka mkemia apime na kusema ni nini.

Wapakiaji wanamwita Bi Haupandi. Ndilo neno lake. Anatikisa boksi, ananusa, anasoma kibandiko, kisha anasema, "Mzigo huu haupandi," na hata umlilie machozi ya damu, haupandi. Wenye mizigo wanamchukia wakati huo huo, halafu wiki inayofuata wanamletea mzigo mwingine.

Sasa nimlete dada yake. Mama yao alifariki mke wangu akiwa bado anabebwa mgongoni, na aliyembeba tangu siku hiyo ni dada. Nilipokwenda kuposa, aliyenihoji ni yeye, na nilitoka pale shati limelowa. Ni mwanamke mkarimu, kwake huondoki na njaa. Ila hawezi kuona kitu kidogo kikikaa peke yake ndani ya chombo. Kipande cha sabuni kilichokwisha hukigandamiza juu ya sabuni mpya. Chupa ya mafuta iliyobaki tone huiinamisha juu ya nyingine mpaka asubuhi. Kwa mikono hiyo alimlea mdogo wake, na hakuna siku mtoto yule alikwenda shule bila kuoga wala kula.

Huyu shemeji yangu alikuwa na karakana ya kuchapa fulana na mabango, chini ya jengo moja lililochakaa. Jengo likauzwa. Mwenye jengo alikuwa na chumba kingine mtaa wa pili, chenye madirisha pande mbili na bomba la maji ndani, na alikubali kumpa kwa sharti moja: amwonyeshe karatasi ya ghala kwamba kemikali zake zote zimeondoka na meli. Mpangaji mmoja aliwahi kumfichia madumu darini, na tangu hapo haamini mdomo wa mtu. Akasema karatasi asipoiona kufikia Ijumaa, chumba anapewa msusi, ambaye alishakuja kupima ukuta wa kuweka vioo. Meli ilikuwa inafunga kupokea mzigo Alhamisi.

Mke wangu alimwambia dada yake mapema, nami nikiwepo: "Usiguse kitu. Niletee chupa kama zilivyo, na vibandiko vyake." Shemeji akaitikia vizuri tu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kumsaidia kubeba, nikakuta dumu moja la bluu, limejaa, limefungwa kwa mfuko wa nailoni shingoni. Nikalipakia kwenye mkokoteni, nikamsifu kwa usafi wake; onyo la mke wangu halikunijia akilini hata kidogo. Tulifika ghalani tukiwa na furaha kabisa.

"Nimekurahisishia, mdogo wangu," shemeji alimwambia. "Vile vichupa vingekumalizia siku. Nimevimimina vyote humu, na vyenyewe nimevisuuza kwa thina humo humo. Hakuna kilichopotea."

Mke wangu alivua miwani. Sijawahi kumwona akiivua mbele ya mzigo.

"Dada, humu kuna nini?"

"Si mabaki yangu? Wino, thina, na yale ya kuoshea."

"Na dawa ya kufutia picha kwenye fremu za kuchapia?"

Shemeji akafikiri. "Chupa yake ilikuwepo. Sikumbuki kama ilikuwa na kitu ndani."

"Kumbuka, dada. Tafadhali."

"Nakumbuka vipi? Vichupa vyote vile! Nilikuwa namimina tu."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na hata mimi wa cherehani niliielewa. Dawa ile ikiwa peke yake ni tulivu. Ikikaa na thina, ile ya kuyeyushia wino, ndani ya chombo kilichofungwa, inaweza kuanza kupata joto pole pole, na hakuna ajuaye itaanza lini. Labda ilikuwemo, labda haikuwemo. Aliyeimimina mwenyewe hakujua.

Meneja wa ghala alikuja, mtu wa haraka zake, akaliangalia dumu, akaangalia saa. "Sahihi ni yako, mama," alisema. "Ukisema ni wino, tunaligawa kwenye makopo, linapanda leo."

"Andika wino basi," nikasema. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nakiona kile chumba na madirisha yake, na nilimwona shemeji amesimama na kanga yake nzuri aliyoivaa kwa ajili ya kwenda kuchukua ufunguo.

Mke wangu hakunitazama. "Dada," alisema, "haupandi."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe."

"Mimi niliyekufunga nepi? Mimi ndiye leo mzigo wangu haupandi?"

"Haupandi, dada. Nisamehe. Haupandi."

Mkono wake ulikuwa umeshalisogeza dumu kando. Likapelekwa kwenye kizimba cha nje, kunakowekwa vitu vya mashaka, likimngoja mkemia. Shemeji aliondoka bila kuaga. Ijumaa mwenye jengo alisema karatasi ni karatasi, na Jumamosi vioo vya msusi vikaingia.

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia mke wangu maneno makali, kwamba ana moyo wa bati kama ile meza yake, na kwamba mabaharia asiowajua amewaweka mbele ya ndugu wa tumbo moja. Aliniacha nimalize.

"Moto ukiwaka hapa, baba, utatoka mbio barabarani," alisema. "Wale watatoka waende wapi? Na wakiniuliza ni kitu gani kinawaka, niwaambie nini? Dada yangu hakumbuki?"

Akalia pale pale, na mimi nikabaki na hasira yangu isiyo na pa kwenda. Shemeji hakukanyaga kwetu tena. Mashine zake alizirundika chumbani kwake anapolala, kwa kuwa mwenye nyumba haruhusu kuchapa humo, na yeye akaenda kuwa kibarua kwa mchapaji ambaye zamani alijifunza kazi kwake. Hilo liliniuma kuliko lolote.

Halafu majibu ya mkemia yakaja. Wino na thina, basi. Dawa ya fremu haikuwemo hata chembe. Dumu likagawanywa, likafungwa kwa utaratibu, likapanda meli iliyofuata kwa amani.

Mke wangu alinieleza hayo akiwa amesimama, mkoba bado begani. Nikamwambia, "Hayo yaishie hapa. Asijue. Akidhani lilikuwa la hatari, siku moja atakusamehe. Ukimwambia halikuwa na kitu, umempoteza moja kwa moja."

"Najua," alisema. "Twende."

Tulimkuta kwake, amekaa kwenye benchi la barazani, miguu ndani ya karai la maji ya moto, kwa sababu kibarua husimama kutwa. Aliitikia salamu yangu. Ya mke wangu aliiacha ipite.

"Dada, majibu yametoka," mke wangu alisema. "Dawa haikuwemo. Ni wino na thina tu, kama ulivyosema."

Shemeji akasema, "Kwa hiyo lingepanda."

"Kama tungejua, lingepanda. Hatukujua."

"Na kesho nikikuletea lingine kama lile, sikumbuki nilichomimina?"

Nilitamani mke wangu ameze mate tu, aseme chochote cha kubembeleza. Kusema neno moja la uongo kungekuwa kazi gani?

"Haupandi, dada."

"Nimepoteza chumba bure, basi."

"Umekipoteza. Mimi ndiye niliyekupotezea."

"Sasa umekuja kuniambia ili iwe nini? Ungekaa kimya, ningekufa nikiamini uliokoa watu."

"Ndiyo maana nimekuja," mke wangu alisema. "Sikutaka uamini kisichokuwepo."

Shemeji akatoa miguu kwenye karai, akaikausha kidole kwa kidole, bila haraka. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Nilikulea usiseme uongo," alisema. "Nilikuchapa kwa ajili hiyo, unakumbuka? Lakini sikujua kwamba siku moja ukweli huo huo utaniumiza mimi."

Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. Mke wangu akakaa. Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyesema amesamehe. Baada ya kitambo shemeji alilisukuma karai kwa mguu mpaka mbele ya mdogo wake, akamwambia avue viatu, maji bado yana moto.