Kuku wa Picha Mbili

Mimi na muuzaji tulikuwa tunabishania bei ya kamera kuukuu, hapa sokoni Machakos, nikanusa mfuko wa ngozi wa kamera hiyo. Mara nikawa mtoto tena, nimeshika kuku miguu.

Kuku huyo alikuwa malipo ya mpiga picha aliyepita vijijini kwa baiskeli. Mama alisimama kando ya ghala, kitambaa cha kanisa kichwani. Mpiga picha akavuta kikono cha kusogeza filamu, kamera ikalia. Akavuta tena, ikalia tena.

"Ni mbili," nikasema.

"Kumbe niko na karani!" akacheka.

Aliporudi alisema filamu iliungua. Mama, aliyebishania hata nyanya moja, akajibu tu, "Haya, sawa." Kuku hakumdai. Na mama hakupigwa picha tena maishani.

Muuzaji akavuta kikono. "Tazama hiki kifundo cha kushoto. Kikizunguka, filamu iko. Kikitulia, unapiga hewa."

Siku ile nilisimama upande huo. Nakumbuka kifundo kimetulia, mara zote mbili. Ama nakumbuka hiki cha leo? Na mama, alikiona?

"Bei ni ile ile, mzee," muuzaji akasema, akijiandaa kwa vita.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Haya, sawa."