Kopo la Vidonge Siku ya Posa

Jumamosi ile naikumbuka, mwanangu, pengine kuliko siku ya harusi yangu, kwa sababu tumbo langu halikunipa nafasi ya kuisahau. Nilikuwa kijana, na mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu nifike Durban. Nilibeba maboksi katika ghala moja huko Mobeni, ingawa kwetu Uvira nilikuwa nimesomea ualimu wa kemia. Mchana huo nilipanda hadi ghorofa ya tisa ya jengo moja huko South Beach, kujitambulisha kwa wazee wa Esperansi, binti niliyetaka kumposa.

Desturi yetu unaijua: mposaji haondoki kitini mpaka aulizwe, ajibu, apewe kinywaji. Anayeinuka kabla ya hapo amekataa. Mimi niliinuka mara tatu.

"Huyu amekuja kutafuta bibi ao choo?" mjomba wake akauliza, na sebule nzima ikacheka. Esperansi peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, nami nikajua kwamba nikiinuka mara ya nne nimempoteza.

Nikainuka.

Chanzo kilikuwa ujinga wa msomi, ambao ni mbaya kuliko ujinga wa kawaida. Wiki chache kabla yake niliugua mafua, na kliniki ikaninyima antibiotiki. Niliambiwa nipumzike, ninywe maji. Niliudhika. Wenzetu waliosafiri nyumbani walikuwa wakirudi na mifuko ya vidonge vya dawa hiyo, vya rangi mbili, na Venanti, kinyozi wa karibu na stendi ya teksi Isipingo, alikuwa navyo kopo zima.

"Mwalimu, meza mbili mbili," alinihakikishia huku akininyoa. "Hivi vinafukuza kila kitu."

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliidharau kliniki nikamsadiki kinyozi. Nilimeza kwa ajili ya mafua, kisha kwa ajili ya koo, kisha, naona haya kuandika, ili nisipige chafya mbele ya wakwe.

Nilipotoka msalani mara ile ya nne, nilimkuta shangazi yake Esperansi amesimama mlangoni. Mama Leokadia alikuwa muuguzi mstaafu, mfupi, asiyependa maneno mengi.

"Mukwe, umemeza nini?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitoa kopo mfukoni mwa koti.

"Nani alikuandikia?"

"Kinyozi, Mama."

"Na daktari ndiye anakunyoa?"

Hapo hapo koridoni alinifundisha nilichopaswa kukijua. Utumboni mwetu wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wapangaji wema: hutusaidia kusaga chakula, na huwanyima waovu mahali pa kukaa. Antibiotiki haiwaulizi nani mwema, huwapiga wote. Mafua nayo huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi kabisa. "Umefukuza jengo zima," alisema, "kwa sababu ya mwizi ambaye dawa yako haimuoni." Tena bakteria wanaonusurika huzoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli, haitakusaidia.

Alilichukua kopo, akanirudisha sebuleni. "Mukwe hajakataa," aliwatangazia wazee. "Tumbo lake ndilo limekataa. Jumatatu ataenda kliniki, na akipona atarudi."

Tumbo lilichukua wiki kadhaa kutulia. Nilikula maharagwe, mboga na amasi, maziwa mgando ya huku, si kama dawa bali kama chakula cha mtu aliyetiwa adabu. Niliporudi nilikaa kitini saa tatu bila kujongea, mpaka mjomba mwenyewe akanisihi, "Mukwe, inuka basi, kiti nacho kipumzike." Esperansi alicheka safari hiyo. Mpaka leo anacheka, na kopo lile, ambalo shangazi alilimwaga akaturudishia tupu, tunalitilia vifungo vya nguo.

Basi nisikilize, mwanangu. Usimeze antibiotiki kwa neno la jirani, wala usimgawie mwenzako mabaki yako. Anayejua akikupima na kukuandikia, zitumie kama alivyoagiza, usizidishe wala usikatishe kwa kupenda kwako. Tumbo likiharibika, sema mapema. Na habari yoyote inayoanza na "wanasema", iulize kwanza: akina nani, na wamejuaje?

Mungu akulindie afya ya mwili na utulivu wa akili. Akupe wakwe wenye huruma kama wangu, na siku utakapokwenda kuposa, akujalie kuinuka pale tu utakapoambiwa inuka.