Wembe Uliomkata Mama

Nilipokuwa mtoto kule Mapera niliogopa wembe wa babu kuliko wachawi, maana wachawi sikuwahi kuwaona. Ulikuwa wembe wa kukunja, mpini wake wa pembe, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumnyoa mjane siku ya kumaliza msiba. Sisi wengine tulinyolewa kwa nyembe za dukani. Ukoo wetu uliamini kwamba wembe ule unamjua mjane. Asiye na kosa unampitia kichwani bila kumgusa ngozi. Mwenye mkono katika kifo cha mumewe unamkata. Siku hizi nikisimulia, watu wanacheka. Wacheke tu, mama zao hawakukaa kwenye mkeka ule wa kunyolewa.

Babu, baba yake baba, ndiye aliyeutunza. Mkanda mpana wa ngozi ulining'inia kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Kila Jumamosi aliushika ncha, akaulaza wembe bapa juu yake, akauvuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Akifika mwisho aliugeuza, akarudi vilevile, bila kukandamiza hata kidogo. Kisha aliujaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake. Wajane aliowanyoa walirudi nyumbani na heshima zao, na watu wakasifu usafi wa mioyo yao. Mkanda hakuna aliyeusifu.

Macho yake yalipofifia, kazi ilimwangukia baba mdogo, mtu wa haraka haraka, ambaye hata sala ya chakula aliimaliza wenzake wakiwa katikati. Naye wa kwanza kumnyoa akawa mama yangu. Tumbo lilimshika baba ghafla, na kabla wiki haijaisha tukawa tumemzika kando ya kahawa zake. Mama alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay. Miaka yote aliyolima na watu wa ukoo wetu, bado walimwita "huyu wa ziwani".

Asubuhi ya kunyoa, watu wakiwa wameshakaa, ndipo baba mdogo alipoukumbuka wembe. Nilimwona jikoni akiusugua kwenye mkanda, makali mbele, kwa nguvu zote, kama anayenoa panga kwenye jiwe. Ngozi ya mkanda ilichanika. Nilidhani kila mwanamume ana namna yake.

Wembe ulikwama juu ya sikio la mama, damu ikachuruzika. Baba mdogo akaupeleka kisogoni, ukakata tena.

"Shemeji, taratibu," mama alisema.

"Taratibu gani? Mkono wangu hauna neno."

Shangazi mkubwa akasimama. "Basi, mwache. Wembe umeshasema."

Babu akaomba apewe wembe. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, kutoka mwanzo hadi ncha. Akaukunja, akautia mfukoni. Nilikuwa nimekaa miguuni pake nikingoja aseme neno. Hakusema.

Jioni ile mama alipandishwa kwenye gari lililokuwa linateremka ziwani. Mimi nilikuwa mtoto wa ukoo, kwa hiyo nilibaki. Niling'ang'ania kanga yake mpaka wakanibandua kwa mikono.

Nilikua nikimpikia babu. Nilipofika sekondari nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Babu, siku ile wembe ulikuwa na makali?"

"Yalikuwa yamejikunja, mke wangu," alisema, akinitania kwa jina hilo kama kawaida yake. "Alikuwa ameuharibu."

"Sasa mbona hukusema?"

Alishangaa kweli, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Niseme mbele ya watu wote kwamba mwanangu hajui kunoa wembe?"

Ndiyo hivyo. Mama yangu alifukuzwa ili mtu mzima mmoja asione haya asubuhi moja. Babu alinipenda, najua, na nilimzika kwa machozi ya kweli. Lakini kumsamehe sijaweza, na nimechoka kujifanya ninajaribu.

Nilipoanza kazi niliteremka Mbamba Bay, furaha imenijaa kifuani. Nilimkuta mama akianika usipa kwenye kichanja. Nilimweleza yote: mkanda, makali, kidole cha babu. Nilitegemea alie, au acheke, au alaani.

Aliendelea kutandaza samaki. "Usimseme vibaya babu yako," alisema. "Mimi nimeshafikiri sana. Pengine ni kile chakula nilichompikia baba yako Jumapili ile. Pengine nilimnunia, nimesahau."

"Mama, ulikuwa ni unoaji mbaya tu."

"Wembe ungemkata na mwingine, basi."

Mpaka leo, kila Kwaresima, anakwenda kuungama kwamba alimuua mume wake. Ameniambia mwenyewe. Kila padri mpya anamuuliza alimuua kwa namna gani, naye anabaki amepiga magoti pale, hajui la kujibu.